Kazi Yangu Ni Kunong'ona

Tulikodi viti mia, wakaja watu kumi na tisa.
Ishirini, ukimhesabu mtoto aliyelala
kabla hatujawasha taa.

Ukumbi wa Barani, Malindi, Ijumaa baada ya isha.
Maua ya karatasi ya harusi ya jana
bado yananing'inia juu ya tunachokiita jukwaa:
meza sita za kulia pilau, zimefungwa kwa kamba,
moja hulalamika ukiikanyaga.
Msimamizi kasema msiyaguse maua,
kesho kuna harusi nyingine,
na harusi hulipa kabla.

Sisi hulipa baada. Au huahidi.

Mimi hukaa nyuma ya pazia, mswada magotini.
Mwigizaji akikwama namrushia neno
kama mtu anayemtupia mwenzake ufunguo dirishani.
Miaka kumi na minne. Hakuna anayeijua sura yangu,
na makofi hunifikia ubavuni.

Tulikuwa kumi na mmoja, tumebaki watano.
Mwarogo yuko hotelini Casuarina, anawachezea Wataliano ngoma;
huko hulipwa miguu, ulimi hauna kazi.
Kache yumo simuni, dakika moja moja, anachekesha
watu laki mbili ambao hajamsikia hata mmoja akikohoa.
Simlaumu. Laki mbili!
Mimi mwenyewe humtazama usiku,
nikacheka peke yangu ndani ya chandarua.

Na shule zilizokuwa zikitupa unga,
watoto mia tatu, basi juu ya basi,
zimebadilishiwa kitabu cha mtihani. Mwalimu mkuu akaandika:
"Mchezo wenu ni mzuri lakini hautahiniwi."
Hautahiniwi. Nimelitafuna neno hilo wiki nzima.
Mjane wetu, anayekatalia kiwanja chake ufukweni,
hana alama za kumpa mtu.

Basi. Nyevu akatoka, leso ya mamake kiunoni,
akamkabili dalali, akafungua kinywa kwa ule mstari
unaobeba mchezo mzima kama bawaba inavyobeba mlango,
na mstari haukuja.

Nikapekua. Ukurasa wa thelathini na moja
umegandana na wa thelathini na mbili:
chai ya jana, chai yangu mwenyewe.
Kimya kikatanda. Kile cha kweli,
ambacho simuni ungekiruka kwa kidole.
Bodaboda ikapita nje. Mtoto akajigeuza.
Dalali, maskini, akainama kujifunga kamba za viatu;
alikuwa amevaa ndara.

Ndipo sauti ikatoka mlangoni, kavu, bila haraka:
"Mchanga huu ulinijua mguu
kabla wewe hujanijua jina."

Bi Jumwa. Anayefagia ukumbi.
Wiki sita za mazoezi tulimwambia asogee,
ondoa ndoo, mama, tunafanya kazi.
Naye akifagia, akiokota: vifuniko vya soda,
punje za pilau, maneno yetu.

Nyevu hakunitazama mimi. Alimtazama yeye.
Akausema mstari upya, polepole,
na wale kumi na tisa wakageuka nyuma, wakageuka mbele,
shingo zao zikaingia mchezoni.
Mzee mmoja akasimama kabisa,
akamwambia dalali atoke, hapa si kwao.
Dalali akasita. Hilo halikuandikwa. Akatoka.

Pesa mlangoni: elfu mbili mia nane na hamsini.
Viti vikala elfu.
Ukiniuliza kama jukwaa lina kesho, sijui,
muulize anayeuza saruji, yeye hujua kesho.
Mimi nilikuwa nabandua kurasa kwa ukucha
Bi Jumwa alipofika na fagio lake.

"Ule mwisho," akasema, "siupendi.
Mwanamke yule haondoki vile, mikono mitupu.
Angeng'oa hata mlango akaondoka nao."
Akainua mguu wa kiti changu afagie chini yake.
"Mazoezi ni lini?"

Nikaanza kutafuta kalamu.